Ziara ya Msanifu Mmoja na Majengo ya Katavi

Utangulizi

Katika nchi nyingi imekuwapo desturi ya kuwatembeza watu siku nzima ili wayatazame majengo ya msanifu mmoja wa kisasa. Wageni hukutana asubuhi, hukabidhiwa kwa kiongozi aliyeisoma kazi ya msanifu huyo, kisha hupita jengo baada ya jengo. Hapa huonyeshwa namna alivyolipokea jua, pale namna alivyoipanga ngazi, na mahali pengine namna alivyougeuza mtindo wake alipokwisha kukomaa. Jua linapotua wageni wanautambua mkono wake, kama msomaji anavyoutambua mkono wa mshairi asiyeweka jina mwishoni mwa beti. Hivyo ndivyo watu wanavyozifuata kazi za Frank Lloyd Wright kando ya Chicago, za Le Corbusier huko Chandigarh na za Alvar Aalto nchini Finland.

Jambo hili si geni kabisa kwetu. Mtu akiwa Dar es Salaam anaweza kuitumia siku yake kumfuata Anthony Almeida, aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1921, akasomea usanifu Bombay, akarudi nyumbani na kufanya kazi kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 2019. Ataanzia Chang'ombe, kwenye shule iliyojengwa kwa jina la Mtakatifu Xavier, na kumalizia Mlimani, kwenye kanisa la pamoja la Wakristo wa Chuo Kikuu. Hapo atakuwa ameona jinsi zege, kivuli na upepo wa pwani vilivyokutana mikononi mwa mtu mmoja.

Makala hii inakusudia kuihakiki desturi hiyo. Tunataka kujua inatufundisha nini na inatuficha nini, na zaidi ya hayo tunataka kujua kama inaweza kuwa na maana katika Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa jumla. Swali hili si la mchezo. Ikiwa njia pekee ya kuyaheshimu majengo ni kumtaja msanifu mashuhuri aliyeyachora, basi sehemu kubwa ya nchi yetu itaonekana haina usanifu wowote, na kitu kinachodhaniwa hakipo hakuna anayejisumbua kukilinda.

Faida za ziara

Haifai kukikosoa kitu kabla ya kukipa haki yake. Ziara ya namna hii ina faida tatu ambazo hatuna budi kuzikiri.

Kwanza, inafundisha kutazama. Wengi wetu tunaingia na kutoka majengoni bila kuyaona. Tunajua ofisi fulani ina joto na zahanati fulani ina ubaridi, lakini hatujiulizi sababu. Kiongozi mwema huwasimamisha watu mbele ya ukuta na kuwauliza kwa nini dirisha liko juu na si chini, au kwa nini paa limetokeza mbele kuliko ukuta. Aliyekwisha kuulizwa hivyo mara moja hawezi tena kupita barazani kwake bila kufikiri.

Pili, inatoa jina. Kwa muda mrefu majengo ya Afrika yalielezwa kana kwamba yalichipuka yenyewe kama uyoga, au yaliletwa na mgeni yakiwa yamekamilika. Kumtaja Beda Amuli, Mtanzania aliyelisanifu Soko la Kariakoo, ni kuivunja dhana kwamba fikira ya jengo kubwa la kisasa haiwezi kutoka kwa Mwafrika. Hapo jina linafanya kazi ya ushahidi.

Tatu, inajenga ulinzi. Jengo lenye jina na historia huwa gumu kubomolewa kimya kimya. Faida hii ina uzito kwetu kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda kwa nguvu yake yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yanahitaji kutangazwa rasmi ndipo yapate ulinzi huo. Kwa maneno mengine, takriban kila kitu kilichojengwa kwa saruji na bati katika nchi hii kinasimama nje ya mlango wa sheria, kikingoja mtu wa kukisemea.

Kasoro zake

Pamoja na faida hizo, desturi hii ina kasoro, nazo zinatokana na umbo lake lenyewe wala si uzembe wa kiongozi.

Kasoro ya kwanza ni kwamba jengo hufanywa kuwa saini. Mgeni huletwa ili ahakikishe kwamba kweli hii ni kazi ya bwana mkubwa, naye akikwisha kuhakikisha huondoka akiwa ameridhika. Hajauliza nani anafagia ukumbi huo, wala nani aliziba dirisha kwa ubao kwa sababu mvua ilikuwa inaingia. Mabadiliko yaliyofanywa na wakaaji huhesabiwa kuwa uharibifu, na kiongozi huwaomba wageni wayafumbie macho ili waione fikira ya kwanza. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ziara ya msanifu mmoja aghalabu huishia mlangoni.

Kasoro ya pili ni kuwasahau waliojenga. Msanifu huchora, lakini zege halijimwagi. Kuna waliochanganya kokoto na mchanga, waliofunga nondo, waliopiga mbao za kumwagia zege, na waliobeba ndoo juu ya ngazi tangu alfajiri. Katika taifa lililojipa fahari ya kuwa la wakulima na wafanyakazi, ni ajabu kuusoma ukuta kama kazi ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya meza ya kuchorea.

Kasoro ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Desturi hii huyapendelea majiji. Wasanifu walifuata fedha, na fedha zilikaa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala. Mtu wa Mpanda akiuliza ziara yake iko wapi, ataambiwa apande treni siku mbili akaione Kariakoo. Jibu hilo halitoshi. Tunaona ni vema kuichukua siku moja ndani ya Katavi na kuijaribu desturi hii mahali ambapo hakuna msanifu mashuhuri, ili tuone inavunjika wapi na inaweza kurekebishwaje.

Asubuhi: mwisho wa reli

Siku yetu haina budi kuanzia stesheni. Mpanda kama mji umezaliwa na reli, na reli yenyewe imezaliwa na madini. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliamua kujenga tawi kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, ili kuyafikia machimbo ya risasi ya Uruwira. Tawi hilo lilifika mwaka 1950. Machimbo yaliyokuwa sababu ya safari hiyo yote yalikoma, lakini reli ikabaki. Hata leo abiria, mahindi na asali ya misitu ya miombo hupita juu ya vyuma vilivyolazwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa.

Mgeni akiuliza nani aliichora stesheni, kiongozi asione haya kujibu kwamba swali hilo halina jibu la jina moja. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilijenga kwa ramani za kawaida. Nyumba iliyochorwa ofisini iliweza kusimamishwa pwani, kwenye baridi ya nyanda za juu au katika joto la bonde, kwa vipimo vilevile. Ramani ya kawaida ndiyo msanifu wetu wa kwanza. Huyu hana uso wala kaburi, ila ana tabia, na tabia yake yaweza kusomwa.

Tabia hiyo ni ya kupanga watu kwa daraja. Katika makazi ya reli ya zama za ukoloni nyumba zilipimwa kwa cheo na kwa rangi ya ngozi: mkubwa alipewa bustani na umbali, wa katikati akapewa uzio, na kibarua akapewa chumba katika safu. Hivyo ndivyo usanifu wa kisasa ulivyoingia sehemu nyingi za bara letu, ukiwa na paa jepesi na mstari ulionyooka, na ndani ya mstari huo umebeba hukumu juu ya thamani ya kila mtu. Ziara inayosifu unyofu wa mstari bila kuitaja hukumu hiyo imesoma nusu ya ukurasa.

Hata hivyo ukurasa huo umeandikwa tena na wenyeji. Safu ya vyumba vya vibarua, ikikaliwa na jamaa kwa miaka mingi, huota jiko la nje, uzio wa mabua, baraza la udongo lililokandwa vizuri na mwembe wa kivuli. Mhakiki wa majiji angesema ramani imechafuliwa. Sisi tunasema kwamba hapo ndipo nyumba ilipoanza kuwa nyumba.

Mchana: makazi ya Katumba

Kutoka mjini tunaelekea Katumba. Hapa twapaswa kutembea polepole, maana mahali hapa pana kumbukumbu nzito.

Mwaka 1972 mauaji makubwa nchini Burundi yaliwafanya maelfu ya watu wakimbilie Tanzania. Serikali yetu, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la makanisa la kuwahudumia wakimbizi katika Tanganyika, ilianzisha makazi ya Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, kisha Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Msitu ulikatwa, barabara zikanyooshwa, mashamba yakapimwa, na kila jamaa ikaonyeshwa kipande chake. Mishamo peke yake ilipangwa katika vijiji 16. Palitengwa mahali pa shule, pa zahanati, pa ghala na pa kisima kabla mtu yeyote hajapika chakula cha kwanza.

Tukizingatia ukubwa wake, hii ni miongoni mwa kazi kubwa za mipango ya kisasa zilizopata kufanywa katika sehemu hii ya nchi. Inazo sifa zote ambazo vitabu vya usanifu huzitafuta: gridi, vipimo sawa, huduma zilizogawanywa kwa umbali wa kutembea, na imani kwamba maisha mapya yanaweza kuanzishwa kwa kalamu na rula. Katika miaka hiyohiyo ya 1973 hadi 1976 Watanzania wengine nao walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa, kwa hiari mahali pengine na kwa nguvu mahali pengine. Makazi ya wakimbizi na vijiji vya Operesheni ni ndugu wa tumbo moja, nao wangestahili kuhakikiwa pamoja.

Uhakiki huo usiwe wa kusifu tu. Mstari ulionyooka una faida kwa mwenye kusafirisha mahindi, na una faida vilevile kwa mwenye kutaka kumhesabu na kumchunga mtu. Mkaaji wa makazi alihitaji kibali ili atoke. Barabara iliyomletea dawa ndiyo iliyokuwa na kizuizi mwisho wake. Kiongozi wa ziara asiyeyasema haya mawili kwa pamoja atakuwa amewadanganya wageni wake, hata kama kila tarehe aliyoitaja ni ya kweli.

Jambo ambalo ramani haikulichora ni nyumba zenyewe. Mpango ulitoa barabara na kipande cha ardhi, na watu wakajijengea. Walianza na vibanda vya miti na nyasi, wakafyatua matofali ya udongo, wakapanga tanuri, wakachoma, na waliopata mavuno mema ya tumbaku au mahindi wakaezeka kwa bati. Walipanda migomba karibu na nyumba kama walivyozoea kwao. Kwa hiyo mtu akitazama kutoka juu ataona gridi ya mpimaji, na akishuka chini atakuta ua wa Mrundi ndani ya msitu wa miombo. Vitu hivi viwili havikupangwa na mtu mmoja, na uzuri wa mahali hapa uko katika kukutana kwake.

Liko jambo jingine la kukumbukwa hapa. Baada ya miaka mingi ya kuitwa wageni, watu wapatao laki moja na elfu sitini wa makazi haya matatu walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 2014 walikabidhiwa vyeti vyao. Kabla ya hapo palikuwa na shauri kwamba watawanyike mikoani na makazi yafungwe. Wakati huo swali la jengo lilikuwa swali la uraia: je, nyumba uliyoichomea tofali mwenyewe, na mti ulioupanda siku mtoto alipozaliwa, vina haki gani mbele ya mpango unaosema uhame? Shauri hilo liliachwa, na watu wakabaki. Hakuna uhakiki wa usanifu unaoweza kupita Katumba bila kulitaja jambo hili, kwani linatuonyesha kwamba nyumba ni dai.

Alasiri: Karema

Kutoka Mpanda kwenda Karema ni zaidi ya kilomita mia moja upande wa magharibi, hadi pwani ya Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Agosti 1879 msafara wa Wabelgiji, uliotumwa na chama kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili, ulianzisha kituo hapa na kujenga boma. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, nao wakakifanya misheni. Kuta zilizojengwa kwa shabaha ya kutawala zikawa za kusali, kusomesha na kutibu.

Boma hilo linatufundisha somo ambalo msanifu hawezi kuliandika katika ramani. Walipolijenga, ziwa lilikuwa karibu nalo. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa yamepata njia ya kutokea magharibi kwa Mto Lukuga, na katika miaka michache kina chake kilishuka sana hata pwani ikaliacha boma juu ya nchi kavu. Jengo halikusogea hata shubiri moja, ila mahali pake palibadilika, na ngome ya ziwani ikawa nyumba ya bara.

Hapa pia twakutana na suala la majina. Mmoja wa watu waliolifanya jina la Karema lijulikane ni Adrian Atiman. Mtu huyu alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa hapa hadi alipofariki mwaka 1956. Jina lake limehifadhiwa, na ni haki. Lakini waliokanda udongo wa kuta ambazo ndani yake aliwatibu wagonjwa hatuambiwi ni nani. Kuta zao tunazo, na mtu akiutazama ukuta kwa makini ataona alama za kazi: jinsi pembe ilivyonyooshwa, jinsi tofali lilivyopishana na jingine, mahali pa kiraka kilichotiwa na fundi wa baadaye. Alama hizo ndizo saini zilizobaki, na kiongozi wa ziara ya Katavi anapaswa kujua kuzisoma.

Tena tusisahau kwamba 1879 ni baada ya 1863. Hata boma hili, ambalo kila mtu angelihesabu kuwa la kale, haliingii katika ulinzi wa sheria kwa umri wake peke yake. Kama hali ni hiyo kwa Karema, nyumba ya reli ya mwaka 1950 itasemaje, na shule ya Katumba ya miaka ya 1970 itasemaje?

Siku haitoshi kufika kila mahali, lakini kiongozi asikose kuutaja mkwaju wa Ziwa Katavi, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1974. Wenyeji husimulia kwamba roho ya Katavi, ambaye mkoa huu umechukua jina lake, hukaa katika mti huo, na watu wamekuwa wakiacha sadaka chini yake. Pale pana mahali patakatifu pasipo ukuta wala paa. Msanifu wa kisasa aliyejifunza kwamba nafasi ni muhimu kuliko ukuta angekuta kwamba wazee wa Katavi walilijua hilo kabla yake.

Wasanifu wawili wa kujifunzia

Baada ya kuitembea siku hiyo tunaweza kuwarudia wasanifu wenye majina tukiwa na macho mapya. Tuwachukue wawili.

Wa kwanza ni Ernst May, Mjerumani aliyeongoza ujenzi wa maelfu ya nyumba za bei nafuu mjini Frankfurt kati ya 1925 na 1930, akafanya kazi katika Urusi ya Kisovyeti, kisha akaja Tanganyika mwaka 1934 na kulima karibu na Arusha kabla ya kurudia usanifu akiwa Nairobi. Huyu aliupanga upya mji wa Kampala katika miaka ya 1940, na Moshi kuna kazi yake kwa ajili ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Katika mwaka 1945 alibuni nyumba kwa ajili ya Waafrika, iliyotengenezwa kwa vipande vya zege vya kiwandani vikiangikwa juu ya matao. Fikira yake ilikuwa safi na hesabu yake nzuri. Lakini ilianza na jibu kabla ya kusikia swali, nayo haikuenea. Mwafrika alikuwa na tofali la kuchoma, lenye kufyatuliwa na jamaa na majirani bila kiwanda, na alijua kuongeza chumba mwana anapooa. Nyumba ya matao haikuwa na mlango wa kuongezea.

Wa pili ni Beda Amuli. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, nalo ni la zege, nalo ni la kisasa bila kificho. Lakini lilianza na swali: watu wetu wanauziana vipi? Wanauziana chini ya kivuli, upepo ukipita, kila mmoja akimwona mwenzake. Basi zikasimamishwa nguzo zinazofunguka juu kama miavuli, na mtu akisimama chini yake anaweza kujihisi yuko chini ya miti mikubwa iliyokutanisha matawi. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliliteketeza soko hilo, na taifa likashtuka. Ulipozuka moto huo, wengi walilia kwa ajili ya bidhaa, na walikuwa na haki. Wachache walilia kwa ajili ya jengo. Mizani hiyo inatuonyesha kazi iliyobaki.

Tofauti ya wawili hawa haiko katika zege wala katika uzawa peke yake. Mmoja aliwaza nyumba ya kuwapa watu. Mwingine aliwatazama watu, kisha akawawekea paa juu ya mambo waliyokuwa wakiyafanya. Kipimo hiki tunaweza kukichukua hadi Mpanda na kupimia majengo mapya. Tangu Katavi ilipokatwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, ofisi na nyumba za umma zimeongezeka, kama ilivyo kwa kila mkoa mpya. Katika nchi yetu leo imeenea tabia ya kuvika ofisi vioo vikubwa, kuondoa baraza, kisha kununua mitambo ya kupoza joto ambalo baraza lingelizuia bure. Mwananchi aliyetoka kijijini kuleta shauri lake husimama juani kwa sababu aliyechora hakumkumbuka. Kila jengo la umma litakalojengwa Katavi liulizwe kwanza: mtu anayesubiri atakaa wapi?

Hitimisho

Tumeijaribu ziara ya msanifu mmoja mahali pasipo na msanifu mmoja, na tumeona kwamba haikuvunjika yote. Kutazama kwa makini kumebaki na faida yake. Kutaja majina kumebaki na haki yake, ila orodha imepanuka: yumo mpimaji aliyenyoosha barabara, fundi mwashi aliyesimamisha pembe, mwanamke aliyekanda baraza, na kijana aliyechoma tanuri usiku kucha. Kilichoanguka ni imani kwamba jengo hukamilika siku msanifu anapoondoka.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Maofisa utamaduni wa wilaya za Katavi waandike daftari la majengo ya reli, ya misheni, ya makazi na ya vijiji, wakiandika pia maneno ya wazee waliofanya kazi ya kuyajenga, maana wazee hao hawatangoja. Shule za sekondari ziwape wanafunzi kazi ya kupima na kuchora jengo moja la karibu, kwani anayelipima jengo kwa kamba na penseli halisahau. Na wenye dhamana ya mambo ya kale wayatazame majengo ya karne ya ishirini kwa jicho la sheria, wachague yanayostahili na kuyatangaza mapema.

Kizazi kilichochoma matofali ya Katumba kinazidi kupungua, na bati la kwanza lililoezekwa pale limekwisha kutu. Tukiendelea kungoja msanifu mashuhuri aje Mpanda ndipo tuwe na kitu cha kuonyesha, tutawaonyesha wageni viwanja vitupu. Mtoto wa Katavi na achukuliwe leo, aongozwe siku moja kutoka stesheni hadi Karema, na aambiwe mbele ya kila ukuta nani aliamuru, nani alijenga na nani alikaa. Akikua na kupewa kalamu ya kuchora, atajua aanze na swali gani.